Saa ya kuzamia kwa mwanamke: namna ya kuipima, kuinunua na kuitunza ukiwa Mtwara

Saa ya kwanza niliyoingia nayo baharini ilikuwa na uso wa rangi ya lulu, vijiwe vya kumetameta kuzunguka kioo, na mkanda mwembamba wa dhahabu. Muuzaji aliniambia ni ya kike na haiingii maji. Nyuma iliandikwa mita 30. Nikashuka nayo mita kumi na mbili nje ya ghuba ya Mikindani, siku yangu ya tatu ya kujifunza kuzamia na mtungi wa hewa. Tulipopanda mashuani kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, na jioni ile mshale wa sekunde ukasimama moja kwa moja. Niliumia sana. Ile saa nilijinunulia mwenyewe msimu wa korosho, pesa ikiwa bado mbichi mkononi.

Tangu siku hiyo nimejifunza saa za majini kuliko kitu kingine chochote ninachovaa, na dada zangu wananiuliza kila mara: wanaoanza kuzamia, wanaochokoa pweza Msimbati, wanaolima mwani, hata wanaoogelea tu pale Shangani jioni. Jibu langu ni lile lile. Saa ya baharini ni kifaa cha kazi, kama miwani au mtungi. Neno "ya kike" kwenye boksi halikwambii kama maji yataingia, wala kama utaweza kuisoma ukiwa chini. Ipime mwenyewe, kwa mkono wako na kwa kazi yako.

Hatua ya 1: Jua unaingiaje baharini

Mwanamke anayetembea mwambani maji yakipwa, maji yakimfika gotini au kiunoni, anahitaji saa ngumu, nyepesi, inayovumilia chumvi na mchanga. Saa iliyoandikwa mita 100 inamtosha. Anayeogelea kwa miwani na mrija, akishuka pumzi moja kuangalia matumbawe kisha akarudi juu, mita 100 zinamtosha pia, ila mimi ningempa 200 kama mfuko unaruhusu. Anayeshuka na mtungi wa hewa asikubali chini ya mita 200, na saa yenyewe iwe imetengenezwa kwa ajili ya kuzamia.

Jambo moja liwe wazi mapema. Ukizamia na mtungi, saa haichukui nafasi ya mafunzo wala ya kompyuta ya kuzamia, ile inayokokotoa kina, muda na kasi ya kupanda. Saa ni msaidizi wa pili: kompyuta ikizimika ghafla, ndiyo inayokwambia umekaa chini dakika ngapi.

Hatua ya 2: Elewa maana ya mita zilizoandikwa

Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Juu ya maji mwili unabeba mgandamizo wa hewa wa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Kila ukishuka mita 10 unaongeza bar 1 nyingine. Mita 20 chini unabeba bar 3. Mtu akisikia hivyo anaona saa ya mita 30 inatosha, kwa sababu hafiki huko. Lakini saa za kawaida hupimwa kwa sampuli, zikiwa mpya, zimetulia, ndani ya maabara. Hazikupimwa zikiwa na mwaka wa jasho na jua, na oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji, iliyoanza kukauka. Kwa hiyo mita 30 ni za kunawa mikono na kunyeshewa mvua. Mita 50 ni za kuogelea taratibu. Mita 100 ni za kuogelea kwa nguvu na kuchokoa pweza. Kuanzia 200 ndipo mazungumzo ya mtungi yanapoanza.

Kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia kinaitwa ISO 6425, na toleo linalotumika sasa ni la 2018. Kinadai saa ihimili angalau mita 100, na kila saa ipimwe moja moja kwa mgandamizo unaozidi ule ulioandikwa kwa asilimia 25. Maana yake saa ya mita 200 imebanwa kama iliyo mita 250. Kinadai pia isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, iwe na alama inayoonyesha kwamba inatembea, ihimili maji ya chumvi, kugongwa na sumaku, na mkanda wake usichomoke ukivutwa kwa nguvu.

Utaitambuaje? Tazama maandishi usoni. Saa iliyofuata kiwango hiki huandikwa DIVER'S 200m, au neno linalofanana na hilo la mzamiaji. Ikiandikwa WATER RESISTANT 200M peke yake, inazuia maji vizuri lakini hakuna aliyekuahidi hayo mengine. Maneno mawili tu, tofauti yake kubwa.

Hatua ya 3: Pima mkono kabla ya kupenda saa

Saa za kuzamia tunazozijua leo zilianza kupata sura yake mwaka 1953, Blancpain ilipotoa Fifty Fathoms iliyovaliwa na wazamiaji wa jeshi la Ufaransa, na Rolex ikaja na Submariner. Zilikatwa kwa mikono ya wanaume, na umbo hilo likabaki. Ndiyo maana saa nyingi nzuri za kuzamia zina upana wa milimita 42 hadi 45, na zile zinazouzwa kama za kike mara nyingi ni pambo lililovishwa sura ya uzamiaji.

Na bado, saa iliyowafanya watu waamini kwamba saa ya mkononi inaweza kukaa baharini ilibebwa na mwanamke. Oktoba 1927 Mwingereza Mercedes Gleitze aliingia tena kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, shingoni amening'iniza Rolex Oyster. Baridi ilimshinda, akatolewa baada ya saa zaidi ya kumi majini. Saa ilikuwa bado inatembea. Mimi humkumbuka kila muuzaji anaponiambia saa hii "ni ya wanaume, dada, itakulemea."

Sasa kupima. Chukua uzi, uzungushe mkono juu kidogo ya kifundo, kisha uunyooshe kwenye rula. Wangu ni sentimita 15. Halafu weka rula juu ya mkono, upande saa inapokaa, upime ule ubapa kutoka ukingo hadi ukingo. Wangu ni milimita 49. Namba hii ya pili ndiyo muhimu.

Saa ina pembe nne zinazoshika mkanda, mbili juu na mbili chini. Umbali kutoka ncha ya pembe ya juu hadi ncha ya pembe ya chini usizidi ubapa wa mkono wako. Wauzaji hutaja upana wa kasha tu, yaani mwili wa saa bila mkanda, "hii ni 40", na hilo halitoshi, maana saa ya 40 yenye pembe fupi inakaa vizuri kuliko ya 38 yenye pembe ndefu. Kama unaagiza bila kuiona, uliza urefu wa pembe kwa pembe, kata kipande cha boksi la dawa ya meno kwa urefu huo, kiweke mkononi. Ncha zikitokeza nje ya mkono, hiyo iache. Itazunguka ukiogelea na itagonga kila kitu.

Unene nao. Ukipita milimita 13 saa itanasa kwenye mkanda wa dira, kwenye wavu wa kubebea pweza, kwenye kamba za jaketi la kuzamia. Kwa mkono wa sentimita 14 hadi 16 naona kasha la milimita 35 hadi 39, unene usiozidi 12, ndilo linalokaa bila kusumbua.

Hatua ya 4: Isome kama uko chini

Dukani chini ya taa kila saa inasomeka. Chini ya maji mambo ni mengine. Rangi nyekundu ndiyo inayopotea kwanza, na ndani ya mita chache imeshageuka kijivu. Pinki inafuata njia hiyo hiyo. Ile pembetatu nzuri ya pinki uliyoipenda kwenye pete ya saa, ile inayozunguka kioo, inaweza kukupotea pale unapoihitaji. Uso wa lulu unarudisha mwanga machoni, na mishale ya dhahabu juu ya uso wa dhahabu huioni kabisa, hasa wakati wa kusi maji yakichafuka.

Tafuta uso mweusi au wa buluu iliyokolea wenye mishale myeupe minene, au uso mweupe wenye mishale myeusi. Mshale wa dakika uwe tofauti kabisa na wa saa kwa umbo au kwa ukubwa, kwa sababu ukizamia unahesabu dakika. Ingia chumba chenye giza, au jifunike khanga dukani (mimi hufanya hivyo, waniangalie tu), baada ya kuishika saa dakika moja kwenye jua. Alama za kila dakika tano, mishale na ile pembetatu vyote ving'ae. Mshale wa sekunde uwe na doa linalong'aa, usije ukadhani saa inatembea kumbe ilishasimama.

Hatua ya 5: Jaribu pete ya juu, na uielewe

Pete yenye namba inayozunguka kioo ndiyo moyo wa saa ya kuzamia. Izungushe. Iende upande mmoja tu, kinyume cha mishale, ikitoa mlio wa tik-tik, isicheze wala isiteleze. Ikizunguka pande zote mbili, hiyo si ya mtungi. Ijaribu na vidole vilivyolowa, kwa sababu vidole vyetu ni vidogo na pete nyingi zina meno yaliyolala. Ukishindwa dukani na maji kidogo, chini utashindwa zaidi.

Ukianza kushuka, peleka pembetatu ya pete pale mshale wa dakika ulipo. Baada ya hapo namba za pete zinakusomea dakika ulizokaa. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, kwa hewa ya kawaida linatoa muda usiozidi dakika 56 kwa mita 18, na dakika 20 tu kwa mita 30. Unaona jinsi muda unavyokatika ukiongeza kina. Wakati wa kurudi wengi hufundishwa kupanda taratibu, kama mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Zile dakika 3 ni ndefu sana ukizihesabu kichwani.

Kwa nini upande mmoja? Pete ikigongwa na mwamba ikasogea, itaonyesha umekaa muda mrefu kuliko ukweli. Utapanda mapema, na kupanda mapema hakujamdhuru mtu.

Wachokoa pweza, pete hii ni yenu pia. Siku za bamvua huku kwetu maji hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Tatizo ni kwamba ukiinama kwenye shimo la pweza akili yote iko pale, na maji yanarudi nyuma yako kupitia mkondo uliouvuka ukiwa mkavu. Shangazi yangu wa Msimbati alikuwa akitazama mwamba fulani kichwa chake kikizama, basi anajua. Siku ya mawingu na mawimbi ule mwamba hakuuona, akavuka mkondo maji yakimfika kifuani, pweza akawaachia bahari.

Sasa anafanya hivi. Kabla ya kuondoka nyumbani tunakubaliana dakika ya kugeuka, tuseme saa tano na nusu. Anapeleka pembetatu kwenye dakika ya 30. Mshale wa saa ukishapita kumi na moja na wa dakika ukigusa pembetatu, anakunja wavu. Ikigongwa, pembetatu inarudi nyuma, anaondoka mapema. Usalama ule ule wa mzamiaji.

Neno kuhusu majira yetu: majedwali ya maji kwenye simu huandika 11:30 pale sisi tunaposema saa tano na nusu. Dakika hazibadiliki. Pete inasoma dakika, hivyo haijali unahesabu saa kwa mtindo gani.

Hatua ya 6: Kagua milango ya maji

Maji huingilia sehemu tatu: kioo, mfuniko wa nyuma, na kile kinundu cha pembeni cha kurekebishia majira. Kinundu kiwe cha kuskrubu, kinachofungwa kwa kuzungushwa mpaka kikaze. Kifungue na kukifunga dukani mara mbili tatu. Kikikwaruza kama kuna mchanga, au kikizunguka bila kushika, iache. Mfuniko wa nyuma nao uwe wa kuskrubu, kuliko ule wa kubanwa kwa kucha.

Kioo cha yakuti bandia ndicho kigumu kuliko vyote kwa mikwaruzo. Kioo cha kawaida cha madini kinatosha ukiwa mwangalifu, na ni nafuu. Chuma kiwe cha pua, aina ya 316L, kinachovumilia chumvi. Titani ni nyepesi sana na haishiki kutu, ila bei yake inapanda. Saa ya rangi ya dhahabu iliyopakwa juu juu itababuka kwa chumvi ndani ya miezi.

Hatua ya 7: Betri, jua, au ya kujijaza

Ushauri wangu ni wa wazi: kwa anayeishi Mtwara, nunua inayotumia mwanga. Sababu haihusiani na gharama ya betri, maana betri ni rahisi. Kila mfuniko unapofunguliwa, oringi inasumbuliwa. Inatakiwa ikaguliwe, ipakwe grisi yake au ibadilishwe, kisha saa ipimwe kwa mashine ya mgandamizo. Mafundi wetu wa mezani wana mikono mizuri, lakini wengi hawana mashine hiyo. Saa yangu ya pili iliharibika hivyo: betri mpya, oringi ikakaa upande, siku ya kwanza baharini ikajaa maji. Saa ya mwanga hukaa miaka mingi bila kufunguliwa, na jua tunalo.

Ya kujijaza kwa mwendo wa mkono ni nzuri kuitazama, lakini ni nene, na nyingi husimama ukiivua siku mbili.

Kwa mfano wa kuanzia, nikiulizwa jina, huwa nataja Citizen Promaster ile ndogo ya EO2020: milimita 37 hivi, mita 200, inatumia mwanga. Seiko SKX013 ya milimita 38 ilipendwa sana na wenye mikono midogo, lakini haitengenezwi tena, utaipata ya mtumba, nayo ibadilishwe oringi kabla ya kulowa. Kwa mama wa mwani au pweza mwenye bajeti ndogo, Casio LRW-200H ni nyepesi, ina pete ya kuzunguka na mita 100. Ni ya kuogelea na kutembea mwambani. Mtungini usiende nayo.

Hatua ya 8: Mkanda

Ngozi hapana. Mpira au silikoni ndiyo, au kitambaa cha nailoni kirefu kinachopita chini ya kasha lote, kwa sababu pini moja ikikatika saa inabaki mkononi. Kama unazamia na nguo ya mpira au mikono mirefu, mkanda uwe na urefu wa kuvalia juu ya nguo. Mkanda wa mpira wa asili huvimba na kulainika ukipata mafuta, basi ukijipaka mafuta ya nazi subiri yakauke, au vaa nailoni.

Hatua ya 9: Kununua

Maduka ya Mtwara mjini yana chache, na nyingi huagizwa Kariakoo zikaja na basi. Ukiagiza, omba picha tatu: uso, mfuniko wa nyuma, na kinundu kikiwa kimefunguliwa. Omba pia video fupi ya mtu akizungusha pete. Kwenye nakala feki pete mara nyingi ni pambo lililogandishwa, na ile video inamaliza ubishi. Kubaliana kwa maandishi kwamba ikiingiza maji ndani ya siku saba inarudi. Muuzaji akikataa hilo kwa saa anayosema ni ya mita 200, ameshakujibu.

Hatua ya 10: Kuipima nyumbani na kuitunza

Kuna kipimo rahisi kinachofanana na kile cha kiwango cha kimataifa. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie bila kuungua, yamimine ndani ya sufuria yenye mfuniko bapa, uifunike. Weka saa juu ya mfuniko, mgongo chini, kama robo saa, ipate joto lote. Kisha dondosha tone la maji baridi katikati ya kioo. Subiri dakika moja, lifute kwa kitambaa laini. Kioo kikiwa kimebaki na ukungu kwa ndani pale tone lilipokuwa, tayari kuna unyevu na saa isiingie majini. Kikiwa safi, endelea.

Kinundu usikiguse ukiwa ndani ya maji, hata cha mita 300. Kabla ya kuingia, kikaze, na ukiguse tena mashuani kwa kidole gumba. Mimi hufanya hivyo pamoja na kukagua miwani. Usitoke juani saa ikiwa ya moto ukaichovya kwenye maji ya barafu.

Ukirudi, itumbukize kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, iache dakika kumi, kisha zungusha pete duara nzima humo humo. Utaona vumbi jeupe na chembe za mchanga zikitoka. Chumvi ikikaukia chini ya pete inageuka gundi, na baada ya wiki haizunguki tena. Mswaki mkuukuu unasaidia kwenye meno ya pete na kwenye pini. Ikaushie kivulini.

Oringi zikaguliwe kila baada ya miaka miwili au mitatu na mwenye mashine ya kupima mgandamizo, hata kama ni kumpa mtu anayekwenda Dar es Salaam. Ikirudi kutoka kwa fundi yeyote, irudie sufuria kwanza, halafu ingia nayo Shangani maji ya kiunoni kwa dakika ishirini, utoke, uitazame kioo kwenye jua. Ukungu ukitokea, vuta kinundu nje ili hewa ipite, na irudishe kwa fundi siku hiyo hiyo, kabla chumvi haijaanza kula mashine.